Kutoka Mkokoteni wa Lumbwa hadi Probox ya Litein: Historia ya Gari la Biashara

Saa tisa alasiri mvua ya Kericho imeshamwaga ya leo, na lami ya Litein inatoa mvuke. Lori la majani chai linapita polepole kuelekea vituo vya kununulia majani huko vijijini, tela tupu, tanboi amejishikilia nyuma. Kando ya barabara, Probox nyeupe inajaza abiria wa Kapkatet na Sotik. Viti vimeshajaa, lakini kamagera bado anaita: "Mama, songa kidogo, kuna nafasi ya mmoja." Mama anasonga. Mwingine anapanda kwenye buti, kikapu cha maparachichi mapajani. Vijana wa boda boda wamejipanga ng'ambo ya pili, kofia zao za chuma zikining'inia kwenye usukani.

Kwa mwananchi anayetaka kufika nyumbani kabla ya giza, vyote hivyo ni vyombo vya kazi tu. Kwa sheria, kila kimoja ni kiumbe cha aina yake, chenye leseni yake, bima yake, kodi yake na mwendo wake. Ukitaka ushahidi, sogea karibu na lori lisimamapo. Mlangoni limeandikwa jina la mwenyewe na uzito wa gari likiwa tupu, kwa kilo. Nyuma, juu ya vibandiko vinavyong'aa usiku, limeandikwa kuwa mwisho wa mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa. Maandishi hayo madogo, ambayo wengi wetu tumeyapita maisha yetu yote bila kuyasoma, yamebeba historia ya karibu miaka mia moja. Na historia hiyo inatuhusu sisi wa nchi ya chai kuliko tunavyodhani.

Ianzie relini. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaiacha Kericho pembeni. Kituo cha karibu kilikuwa Lumbwa, kile ambacho leo kinaitwa Kipkelion. Makampuni makubwa ya chai yalipoanza kufyeka mashamba Kericho katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond ikiwa mbele, kila mashine ya kiwanda na kila sanduku la chai lilitegemea njia ya udongo kati ya Kericho na Lumbwa. Waliovuta mizigo mwanzoni walikuwa ng'ombe. Mkokoteni wa ng'ombe haukuhitaji ufafanuzi wa wanasheria. Ulionekana ulivyo, na ukikwama kwenye matope ulikwama na mwenyewe.

Lori ndilo lililoleta swali. Lilikuwa na mbio kuliko ng'ombe na halikutegemea ratiba ya treni. Lingeweza kuchukua mzigo shambani likaufikisha mjini bila kupita relini hata kidogo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekopa fedha nyingi kupanua reli hiyo, na haikufurahi kuona mizigo yenye faida ikihamia barabarani. Katika miaka ya 1930 ilianza kubana. Sheria ya Leseni za Uchukuzi ya mwaka 1937 iliunda bodi ya kuamua nani abebe nini na wapi, ikawagawa wabebaji wa mizigo katika makundi matatu. Leseni ya A ilikuwa ya mtu anayebeba mizigo ya watu kwa malipo. Leseni ya B ilikuwa ya yule anayechanganya, leo mzigo wake, kesho wa mwingine. Leseni ya C ilikuwa ya anayebeba mali yake mwenyewe kwa biashara yake mwenyewe. Mfumo huo ulitoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1933 ilikuwa imetunga herufi zizo hizo kwa sababu zizo hizo za kulinda reli.

Tazama kilichoulizwa hapo. Bodi haikuuliza lori lina magurudumu mangapi wala lina nguvu kiasi gani. Iliuliza: mzigo ni wa nani, na nani analipwa? Hilo ndilo swali la kwanza katika historia hii, na hadi leo halijaondoka.

Swali la pili lilikuja na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Humo gari la biashara linaelezwa kwa umbo lake: ni gari lililoundwa au kurekebishwa ili kubeba bidhaa au mzigo wa aina yoyote kuhusiana na biashara, shughuli ya kujipatia riziki au kilimo. Pikipiki imetolewa nje ya maana hiyo, pamoja na mashine za kutengeneza barabara kama greda na zile za kushindilia lami. Maneno mawili humo yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni "kurekebishwa". Ukichukua gari la familia ukang'oa viti vya nyuma ukaweka kreti za maziwa, hujabadilisha viti tu, umelihamisha gari kundi. La pili ni "kilimo". Mkulima wa Bureti anayepeleka majani yake kwa pikapu yake hawezi kusema kuwa yeye si mfanyabiashara. Sheria ilimjua tangu mwanzo.

Kisha likaja swali la tatu, la uzito. Sheria hiyo ilitenga gari zito la biashara, yaani lile ambalo likiwa tupu linazidi kilo 3,048. Kwa nini 3,048, wala si 3,000 kamili? Jibu limejificha katika mizani ya zamani. Tani ya Kiingereza ilikuwa ratili 2,240. Tani tatu ni ratili 6,720, na ukizigeuza kuwa kilo unapata 3,048. Kenya ilipohamia kwenye kilo, mpaka haukusogezwa, ulitafsiriwa tu. Ndiyo maana mwaka 2003, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotangaza kanuni zake, amri ya kufunga vidhibiti mwendo iliyagusa magari ya abiria na magari ya biashara yanayozidi kilo zizo hizo 3,048. Lori la chai linalopanda kutoka Litein leo linabanwa mwendo na jiwe la mizani lililochongwa London kabla dereva wake hajazaliwa.

Wakati sheria ikipima malori, wakulima walikuwa wanaingia kwenye chai. Kwa miaka mingi chai ilikuwa zao la walowezi na makampuni. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kuendeleza mazao maalum kwa wakulima wadogo, na mwaka 1964 kazi yake ikachukuliwa na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo. Ndipo vilima vya Bureti na Konoin vilipoanza kugeuka kijani boma kwa boma, na viwanda vya wakulima vikajengwa Litein, Kapkatet, Mogogosiek na kwingineko.

Jani la chai halina subira. Likichumwa asubuhi linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, maana likirundikwa na kubanwa linapata joto, linageuka jekundu, na mkulima amepoteza. Kwa hiyo mfumo mzima wa mkulima mdogo uliegemea lori. Lina tela la wavu ili hewa ipite, na magunia hutundikwa au kupangwa yasigandamizane. Karani hupima, huandika, lori huondoka. Mvua ikizidi na barabara ya udongo ikateleza, wakulima hukaa na majani yao kituoni hadi usiku wakisikiliza kama kuna muungurumo wa injini upande wa pili wa kilima. Aliyewahi kukaa pale na mama yake, taa ya mafuta ikiwaka katikati ya magunia, hahitaji kuelezwa gari la biashara ni nini. Ni lile ambalo lisipokuja, hakuna karo.

Lakini watu nao walitaka kusafiri, na hapo ndipo makundi ya sheria yalipochanganyikana. Gari la uchukuzi wa umma halielezwi kwa umbo kama lori. Linaelezwa kwa tendo: gari lolote lililopewa leseni ya kubeba abiria kwa malipo, au linalotafuta abiria wa kulipa, au ambalo limebeba abiria kwa malipo, limeingia katika kundi hilo. Fikiria uzito wa kauli hiyo. Gari la baba linakwenda kanisani Jumapili likiwa gari la nyumbani. Jumatatu akimchukua jirani kwa shilingi hamsini, limekuwa jambo jingine kabisa, ingawa halijabadilika hata msumari.

Matatu ilizaliwa katika mwanya huo. Nairobi, ambako kampuni ya mabasi ilikuwa ikihudumu tangu mwaka 1934, watu wa mitaa ya Waafrika walianza kujibebea kwa magari makuukuu. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi, na jina likabaki. Hayakuwa na leseni ya bodi, na polisi waliyafukuza. Mnamo Oktoba 1973, Rais Jomo Kenyatta aliagiza yaachwe yafanye kazi bila leseni hiyo. Uamuzi huo uliwapa maelfu ya vijana riziki na ukawafikishia usafiri watu wa mashambani ambao basi halikuwajua. Pia uliacha abiria mikononi mwa magari ambayo daftari la serikali halikuyatambua kuwa ya abiria. Pikapu ziliwekewa kibanda cha bati na mbao mbili za kukalia, abiria wakitazamana goti kwa goti. Kwa umbo lilikuwa gari la mizigo, kwa tendo lilikuwa basi.

Mwaka 1984 sheria ilifanyiwa marekebisho na matatu ikaingizwa katika Sheria ya Trafiki kwa jina lake. Neno la mtaani likawa neno la mahakamani. Katika sheria hiyo matatu ni gari la umma lenye viti visivyozidi 25 bila kumhesabu dereva. Likizidi hapo, ni basi. Kwa hiyo ile "matatu" ya viti 33 inayopiga honi Kericho, kwa kalamu ya sheria ni basi, hata kama makanga wake hajawahi kuliita hivyo. Na basi hilo mara nyingi limezaliwa lori. Chasisi ya Isuzu hufika kwa fundi wa bodi ikiwa na kichwa na magurudumu tu. Fundi mmoja akiiwekea tela inakwenda kubeba majani chai, mwingine akiiwekea viti inakwenda kubeba wanafunzi. Ndiyo sababu Kenya ikaweka kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kwa kuwa bodi ya lori haijali kama mzigo wake una shingo ya kuvunjika.

Kanuni za Michuki zilianza kutekelezwa Februari 2004. Matatu za Nissan zilizozoea kubeba abiria 18 zikashuka hadi 14, kila kiti kikapata mkanda, na mstari wa manjano ukachorwa ubavuni ili gari la nauli lijulikane kwa macho. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na ile sheria ya leseni ya mwaka 1937 ikafutwa. Baada ya miaka 75, herufi A, B na C za mbebaji wa mizigo zikaingia makavazini. Leseni za udereva nazo zikapangwa upya. Wazee wetu walijivunia leseni ya "BCE", siku hizi kuna C1 ya lori jepesi, CE ya lori lenye trela, D1 ya matatu ya abiria 14, D3 ya basi kubwa, na A3 ya mwendesha boda boda. Kijana wa pikipiki, ambaye chombo chake sheria ya 1954 ilikitoa nje ya magari ya biashara, hatimaye alipewa daraja lake.

Na Probox je? Gari hili ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote kwamba kundi la gari halisafiri pamoja na gari. Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 2002. Huko, namba ya usajili inataja kundi waziwazi: namba zinazoanza na 4 ni za magari madogo ya mizigo, zinazoanza na 5 ni za magari madogo ya watu. Probox zilitengenezwa za aina zote mbili, lakini nyingi ni za mizigo, gari la fundi na la karani wa mauzo, lenye sakafu bapa nyuma na springi za kuvumilia. Likishushwa bandarini Mombasa, namba ile inabaki Japani. Likifika Litein ni gari la watu watano kwenye karatasi, na watu tisa au kumi barabarani. Zile springi zilizokusudiwa makasha ya vifaa ndizo zinazowabeba akina mama wa sokoni.

Dunia nyingine imekuwa na mabishano yayo hayo, kila nchi na kipimo chake. Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake ya Ulaya, umeyaweka magari ya mizigo katika N1 hadi tani 3.5, N2 hadi tani 12, na N3 zaidi ya hapo. Marekani ina madaraja manane. Lakini hao hupima gari pamoja na mzigo wake wa juu kabisa, ilhali mpaka wetu wa kilo 3,048 hupima gari tupu. Mtoza ushuru naye ana macho yake: kwa miaka mingi kodi ya mapema ya pikapu na malori ilikuwa shilingi 1,500 kwa kila tani ya mzigo kwa mwaka, na ya magari ya abiria ilihesabiwa kwa kiti. Gari moja, ofisi tatu, vipimo vitatu.

Barabara ina kipimo chake cha nne: ekseli. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haukui sambamba na uzito. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, inaila lami takriban mara 16. Hapo unaelewa kwa nini lori moja lililojazwa kupita kiasi linaweza kuchimba kile ambacho mamia ya Probox hayawezi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba. Mkulima anayelalamika kuwa lori la chai halifiki kijijini kwa ubovu wa barabara anazungumzia hesabu hiyo, hata kama hajawahi kuisikia.

Uzito hauharibu lami peke yake. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, trela lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likawapitia wachuuzi, waendesha boda boda na abiria waliokuwa wakisubiri matatu kando ya barabara. Watu 52 walipoteza maisha. Hakuna boma katika nchi yetu ya chai ambalo halikutetemeka usiku ule. Tangu siku hiyo, sijaweza tena kusoma namba za mlangoni mwa lori kama mapambo. Gari lenye makumi ya tani kwenye mteremko na gari la maparachichi si ndugu, na sheria ilipoyatenga kwa leseni, kwa mwendo na kwa breki, ilikuwa ikimfikiria mchuuzi aliyesimama kando.

Ndipo tunarudi kwa yule mama ndani ya buti. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimisha mwenye gari kuwakatia bima abiria pale wanapobebwa kwa malipo au kwa mkataba wa kazi. Gari la nyumbani halina sharti hilo. Probox iliyokatiwa bima ya gari la nyumbani, kisha ikabeba watu kumi kwa nauli, inaipa kampuni ya bima mlango wa kutokea. Ajali ikitokea, nauli ya shilingi mia moja haitamtetea mama huyo mahakamani kama karatasi ya gari inasema hakukuwa na abiria wa kulipa. Familia yake itaitisha harambee, majirani watachanga kutoka kwenye pato la chai, na wengine watauza ng'ombe. Gharama ambayo ingebebwa na kampuni itabebwa na kijiji.

Simlaumu mama. Alipanda kilichokuwepo, kama baba zetu walivyopanda pikapu za mbao mbili mwaka 1973. Simlaumu dereva peke yake pia, ambaye ana watoto na mkopo wa gari. Probox ilishika njia za vijijini ambako basi haliendi na ambako matatu ya viti 14 haijai. Historia yote niliyoisimulia inaonyesha kwamba hitaji la watu hutangulia, na sheria hufuata ikiwa imechelewa: lori lilitangulia bodi ya 1937, matatu ikatangulia marekebisho ya 1984, boda boda ikatangulia daraja la A3. Kila mara sheria ilipokubali kukiita chombo kwa jina lake, aliyekipanda alipata mtu wa kumdai. Probox ya mashambani inangoja zamu yake: leseni ya abiria inayopatikana kwa bei ya mtu wa Litein, idadi ya viti inayoheshimiwa, na bima inayomtambua aliyeketi ndani.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Jioni inaingia. Lori la chai linarudi likiwa limejaa, harufu ya majani mabichi ikilifuata barabarani, na mlangoni mwake kila kitu kimeandikwa: ni la nani, lina uzito gani. Probox inaondoka upande wa Kapkatet, taa za nyuma zikiwa karibu kugusa lami. Ubavuni mwake hapajaandikwa chochote.